Sauti Isiyopiga Hodi

Kila Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, katika ukumbi mdogo ninaoukodi mtaa wa Soweto hapa Moshi, hukusanyika watoto kumi na mmoja wa umri wa miaka mitatu hadi sita kwa ajili ya somo la muziki, na kwa karibu miezi minne mmoja wao hakuwahi kuvuka kizingiti. Alikuwa na miaka minne. Alisimama mlangoni, bega moja limeegemea fremu, viganja vyote viwili vimeziba masikio, viwiko vimechomoza pembeni kama mabawa ya kuku aliyeshtuka, na macho hayabanduki kwenye ngoma. Bibi yake, anayemleta kutoka Rau kwa bajaji, aliketi kwenye benchi la nje na mfuko wake mapajani, na kila mwisho wa kipindi aliniuliza kwa upole kama ada ile haipotei bure.

Asubuhi moja, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, alinieleza jambo ambalo lilibadili kabisa namna ninavyofundisha.

"Mwalimu mwanangu, huyu nyumbani ananiimbia zote, hata ule wa kuagana. Mimi nachambua maharage, yeye kachukua sufuria na mwiko, anapiga mpaka majirani wanauliza kuna nini. Halafu akifika hapa anaziba masikio. Hili si deko?"

Nilimwomba anipe muda nilifikirie, kwa sababu wakati ule sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtoto yule anaogopa sauti kubwa, na kwa hiyo kwa miezi minne nilikuwa nikiwaomba wenzake wapige polepole. Kama ukubwa wa sauti ndio uliokuwa tatizo, basi sufuria ya bibi ingemuumiza kuliko ngoma zangu zote, maana sufuria ya alumini inayopigwa kwa mwiko hatua moja kutoka usoni haina upole wowote.

Jibu nililifikia taratibu, kwa kusoma na kwa kumtazama, nalo linaanzia kwenye jambo ambalo kila mtu anaweza kulijaribu: hakuna anayeweza kujitekenya mwenyewe akacheka. Ubongo unapouamuru mkono utende jambo, hujipa pia taarifa ya kile kitakachohisiwa muda mfupi baadaye, na kitu kinapofika kikiwa kimetarajiwa hupokewa kwa nguvu ndogo zaidi. Sauti ya sufuria aliyoipiga mwenyewe ilimfikia mtoto yule kama mgeni aliyebisha hodi akangoja kukaribishwa. Sauti za ngoma za wenzake zilimwingilia ndani bila hodi, kutoka pande kumi kwa wakati mmoja, na wala hakujua zitakoma lini. Mtu mzima mwenye masikio ya kawaida hulimudu jambo hilo bila hata kulifikiria. Mtoto ambaye milango yake ya fahamu hupokea mambo kwa ukali hawezi, na viganja masikioni ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kufunga mlango.

Ninapaswa kukiri hapa kwamba nimewahi kuwa upande mwingine wa jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule moja ya awali ambako mtoto aliyeziba masikio au kulia wakati wa ngoma alitolewa nje akakae jikoni na mpishi hadi kipindi kiishe, ili asiwaharibie wenzake, nami niliufuata utaratibu huo bila kuuliza swali. Ninawakumbuka wale watoto waliokaa jikoni. Ninaamini sasa kwamba baadhi yao walikuwa wakiusikia muziki kwa undani kuliko mimi niliyekuwa nikiufundisha.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa mchezo tunaouita "ngoma lala". Mtoto anayeongoza huweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma na kusema "ngoma lala", na wote hukandamiza viganja vyao juu ya ngozi, sauti ikakatika papo hapo. Akinyanyua kiganja na kusema "ngoma amka", tunaanza upya, kwanza kwa ncha za vidole, kisha kwa viganja. Kwa mtoto wa mlangoni mchezo huo haukutosha, kwa kuwa hakuweza kuifikia ngoma. Nilikata kipande cha kanga nyekundu, ukubwa wa leso ya mfukoni, nikampelekea pale pale aliposimama, nikamwambia kwamba akikiinua tutapiga na akikishusha tutanyamaza.

Ili akipokee ilimbidi aondoe mkono mmoja sikioni. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha aliinamisha kichwa, akalibana sikio la kulia kwenye bega lake, akakichukua kitambaa kwa mkono uliobaki huru. Alikiinua kwa muda wa mapigo mawili tu na kukishusha kwa haraka, nasi tukanyamaza. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu chenji yake. Alikiinua tena, safari hii mapigo manne. Watoto kumi, ambao kwa kawaida hawawezi kungoja hata uji upoe, walimngoja yeye. Wiki ya tano alikuwa ameingia hatua tatu ndani ya ukumbi, na mkono ulioachwa sikioni ulikuwa umelegea.

Kitu kimoja katika hili hakina msamaha: ahadi ya kunyamaza lazima itimizwe kila mara, na kwa haraka. Jumamosi moja nilikolea kwenye mdundo, kitambaa kikashuka, nami nikaendelea kwa sekunde chache kwa sababu tulikuwa tumefika mahali pazuri. Alirudi kwenye benchi la bibi, na alikaa huko kwa wiki mbili nzima. Kwa mtoto wa namna hii, mtu mzima anayesema atanyamaza kisha asinyamaze ni hatari kuliko ngoma yenyewe.

Kwa msingi huo huo wa kubisha hodi, kipindi chetu sasa kina mpangilio usiobadilika. Nimechora picha sita kwenye vipande vya boksi na kuzining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo: mikono inayosalimiana, kanga, ngoma, malimba (chombo cha fito za chuma zinazobonyezwa kwa dole gumba), mkeka wa kulalia, na mkono unaopunga. Jambo likiisha, mtoto mmoja hubandua picha yake na kuitia kwenye kikapu. Hata watoto ambao hawana shida yoyote ya hisia hutulia zaidi wakijua kimebaki nini, na wale ambao wana shida hiyo huitazama kamba ile mara kwa mara, kama msafiri anayetazama vibao vya barabarani.

Kuhusu ukumbi wenyewe ningependa kusema zaidi, kwa sababu walimu wengi hapa kwetu hufundisha katika vyumba vya aina ile ile: sakafu ya saruji, kuta tupu zilizopakwa rangi ya mafuta, madirisha ya vioo, na bati juu bila dari. Simama katikati ya chumba kama hicho upige kofi moja, usikilize. Mkia wa sauti unaobaki hewani baada ya kofi ndio unaowachosha watoto, maana kila pigo jipya hulipanda lile lililotangulia kabla halijafa, na baada ya dakika chache hakuna tena mdundo bali kishindo kimoja kisicho na mipaka. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli: mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa takriban desibeli 60, na 85 ndicho kiwango ambacho kinatumiwa kwa kawaida kama ukomo kwa mfanyakazi anayekaa kwenye kelele saa nane kwa siku. Programu ya simu si kipimo cha kuaminika sana, lakini ya kwangu ilinionyesha kwamba watoto kumi na mmoja wenye manyanga na ngoma ndogo hulivuka daraja hilo bila hata kujitahidi.

Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini. Nilikwenda soko la Memorial nikanunua mablanketi mazito ya mitumba na mapazia mawili ya zamani, nikayaning'iniza kwenye kuta mbili zinazokutana kwenye kona, nikatandika mikeka na chini ya mikeka nikaweka magodoro membamba. Watu wengi walinishauri nibandike trei za mayai ukutani kama wanavyofanya wenye studio za mtaani. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini trei za mayai ni karatasi nyepesi, humeza sauti kidogo sana, na zikishika moto huwaka haraka. Kwenye chumba cha watoto sitazibandika.

Mvua ya Aprili haiwezi kuzuiliwa kwa blanketi. Masika ikipiga juu ya bati, tunaweka vyombo vyote chini na kulala kifudifudi kwenye mikeka, mashavu juu ya ngozi za ngoma, na mimi hupiga ngoma moja kubwa taratibu ili mtetemo wake wausikie kwa miili badala ya masikio. Siku za jua tunatoka nje kabisa, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya ukumbi. Nje hakuna kuta za kuirudisha sauti, na mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye ngoma unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa karibu desibeli 6. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuipunguza sauti kwa miguu yake mwenyewe, bila kumwomba mtu yeyote. Nimeacha kuwaita watoto "njoo karibu". Anayekaa mbali amechagua kiwango chake, na kwa muda mrefu mlangoni palikuwa mahali halali pa kujifunzia kama mkekani.

Sauti si peke yake. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu, lakini ipo mingine: ule wa mizani, ulio ndani kabisa ya sikio, unaotujulisha kama tumeinama au tunazunguka, na ule wa misuli na viungo, unaotuwezesha kujua mkono uko wapi hata tukifumba macho. A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kupitia shughuli za kila siku, alianza katika miaka ya 1960 kueleza jinsi ubongo wa mtoto unavyoziunganisha habari za milango hiyo yote, na jinsi muungano huo unavyoweza kuyumba. Baadhi ya mawazo yake bado yanabishaniwa na wataalamu, nami si mtaalamu wa tiba. Nimeyachukua kama miwani ya kunisaidia kutazama.

Na kutazama kwenyewe kunahitaji subira, kwa maana nimekosea hata nilipodhani nimekwisha kujifunza. Kulikuwa na binti wa miaka mitano aliyeikataa ngoma ya ngozi kila ilipomfikia, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye somo la yule wa mlangoni, nilimpa kitambaa, nikampa uongozi, nikampa umbali, na bado akaikataa. Ilikuwa mwezi wa tatu nilipoona kwamba ngoma ikikaribia hakuyashika masikio hata kidogo. Aliivuta kola ya fulana yake juu ya pua. Niliinama nikainusa ngoma. Ngozi ya mbuzi, ikiwa bado na manyoya pembeni, imelala kwenye stoo yenye unyevu tangu masika, ilikuwa na harufu ambayo mimi nimeizoea tangu utotoni hata siisikii tena. Niliigeuza ndoo ya plastiki nikaiweka mbele yake. Aliipiga siku hiyo hiyo, tena kwa nguvu, na mdundo wake ulikuwa sahihi, kwa sababu miezi mitatu yote alikuwa akiufuatilia nyuma ya kola.

Tangu hapo ngoma zote huanikwa juani kila Ijumaa.

Kushikana mikono kwenye duara ni kikwazo kingine ambacho walimu hatukifikirii. Wapo watoto ambao mguso mwepesi huwasumbua kuliko ulio imara, na kiganja cha mwenzake chenye jasho, kinachoteleza na kucheza, ni karaha isiyovumilika. Tunatumia kanga mbili zilizosokotwa na kufungwa ncha kwa ncha kuwa pete kubwa. Kila mtoto hushika mahali pake, duara linabaki duara, na anayetaka kuvuta kwa nguvu anavuta. Huyo anayetaka kuvuta naye asisahauliwe. Wako watoto ambao shida yao ni kwamba hisia haziwatoshi, nao hujigonga, huruka, huzunguka na kupiga ngoma kana kwamba wanataka kuitoboa. Kwa hao, kazi ya misuli kabla ya somo husaidia: ndio wanaosukuma mabenchi, ndio wanaobeba beseni la vyombo kutoka stoo wawili wawili, na wakiketi huwa wameketi kweli.

Mzazi akiniuliza kama mtoto wake ana usonji, simjibu, kwa kuwa si kazi yangu na sina elimu hiyo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, uliotolewa upya mwaka 2013, uliongeza hisia kali au hafifu kupita kawaida kati ya dalili za usonji, lakini watoto wengi wenye masikio makali hawana usonji, na mwongozo huo hauutambui ukali wa hisia pekee kama ugonjwa unaojitegemea. Ninachowaomba wazazi wote ni kwamba masikio yapimwe kwanza, maana usaha au majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio huweza kumfanya mtoto ayashike masikio yake, na hilo lina tiba. Hapa Moshi tuna bahati ya kuwa karibu na hospitali ya rufaa ya KCMC, ambako pia wataalamu wa tiba kwa vitendo hufundishwa. Vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine ninavyo viwili kwenye kikapu, vya kutumiwa kwa muda mfupi sherehe inapozidi. Sipendi mtoto akae navyo somo zima, kwa kuwa sikio lililofunikwa kutwa nzima huzidi kuiona dunia kuwa na makelele.

Katika uchaguzi wa vyombo nimejifunza kuuangalia wembamba wa sauti kuliko ukubwa wake. Sikio la binadamu huwa jepesi zaidi kwa sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde, na kadiri inavyokuwa mingi ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba, na ndiyo maana filimbi, njuga na vikengele huchoma hata vikipigwa kidogo, ilhali ngoma nene inayosikika mtaa wa pili hupokewa kwa utulivu. Manyanga tunayatengeneza kwa chupa ndogo za maji: zenye mchanga laini kwa wanaoanza, kisha mchele, na kunde mwishoni kabisa. Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni malimba ya Wagogo, ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003 aliyafikisha majukwaa ya dunia nzima. Sauti yake haisukumi mtu. Mtoto huipakata, hubonyeza fito moja ya chuma kwa dole gumba, na mlio wake humfikia kwanza kwenye mapaja kabla haujafika masikioni, naye ndiye aliyeuita.

Hili la wembamba wa sauti ningepaswa kulikumbuka mwezi Desemba, tulipowaalika wazazi kuja kuwasikiliza watoto. Yule wa mlangoni alikuwa amefikia kukaa mkekani na wenzake. Aliimba ubeti wote, mdomo wazi, mikono magotini. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa furaha ya akina mama. Wimbo ulipoisha, vigelegele vilipasuka pamoja na makofi chini ya lile bati, kutoka mbele, karibu, bila hodi yoyote, na mtoto alianguka kifudifudi, akajikunja, akapiga ukelele ambao sitausahau. Bibi alimbeba akatoka naye. Kosa lilikuwa langu mimi, kwani wale mama walifanya walichofundishwa na mama zao, na mimi ndiye niliyejua na sikusema. Hawakurudi hadi Februari.

Waliporudi nilizungumza na bibi kwa kirefu. Nilimweleza jinsi viziwi wanavyoshangilia kwa kuinua mikono na kuipunga hewani, nikapendekeza kwamba wazazi wapunge kanga zao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto wangu aimbe, halafu ninyamaze kama nimekaa msibani? Hilo sitaliweza." Sikuona kwamba alikosea. Kigelegele ni haki ya bibi kwa mjukuu wake, na mtoto aliyekulia Uchagani atakutana nacho maisha yake yote, kwenye ubatizo, kipaimara na harusi, pamoja na matarumbeta juu ya gari. Kumfichia hakutamsaidia.

Kwa hiyo mwezi Juni tulikutana nje, chini ya mwarobaini. Wazazi walikaa upande mmoja wa uwanja, watoto upande wa pili, na katikati tuliacha nafasi ya kama hatua ishirini. Wimbo ulipoisha kanga zilipungwa, hakuna aliyepiga kofi. Kisha nilimpa mtoto kile kipande chake chekundu, ambacho kimechakaa sasa na kimepauka kwenye mikunjo, nikamwambia kwamba bibi ana sauti moja anayotaka kumtolea, na kwamba itasubiri hadi yeye aseme. Alikishika kwa mikono miwili. Alimtazama bibi, ambaye alikuwa amekwisha kusimama, kanga begani, kiganja karibu na mdomo.

Alikiinua. Kigelegele kilitoka, kirefu na chembamba, kikavuka uwanja. Alikishusha, na bibi akakikata katikati kama kilivyokuwa. Mtoto alisimama pale, viwiko vimekaa mbavuni, akisikiliza kimya kilichobaki. Halafu akakiinua tena.